Daftari za ndoa za parokia za vijijini Uingereza

Daftari za ndoa za parokia ni vitabu ambamo makasisi wa Kanisa la Uingereza waliandika ndoa zilizofungwa katika makanisa yao kuanzia mwaka 1538. Kwa karne 3, hadi serikali ilipoanza kuandikisha ndoa yenyewe tarehe 1 Julai 1837, hapakuwa na kumbukumbu nyingine ya ndoa za watu wa kawaida iliyoenea nchi nzima kiasi hicho. Mwenye ardhi, mfumaji, kibarua wa mavuno na mjakazi wa nyumba ya mkulima wote wamo. Kwa wengi wao, siku ya ndoa ilikuwa miongoni mwa siku chache za utu uzima wao ambazo jina lao liliingia kwenye maandishi.

Parokia ilikuwa eneo la kanisa moja, lakini pia ilikuwa ngazi ya chini kabisa ya utawala: humo ndimo maskini walimosaidiwa, barabara zilimotengenezwa na kodi ya matunzo ya maskini ilimokusanywa. Kwa hiyo kitabu cha kasisi kilikuwa cha ibada na cha sheria kwa pamoja, na anayekisoma bila kukumbuka jambo hili atapotea njia. Miongoni mwa parokia zote, iliyochunguzwa kwa kina zaidi ni Colyton, mji mdogo wa soko uliozungukwa na mashamba na malisho mashariki mwa Devon, ambao daftari zake zinaanzia mwaka 1538 wenyewe.

Agizo la 1538

Tarehe 5 Septemba 1538 Thomas Cromwell, aliyesimamia mambo ya kanisa kwa niaba ya Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu. Kila Jumapili kasisi aandike humo, mbele ya wazee wa kanisa, ndoa, ubatizo na maziko ya juma lililopita. Kitabu kikae ndani ya sanduku lenye kufuli 2, ufunguo mmoja kwa kasisi na mwingine kwa wazee, ili asiwepo mtu wa kukifungua peke yake. Uzembe ulitozwa shilingi 3 na peni 4.

Wananchi hawakulipokea agizo kwa moyo mweupe. Sir Piers Edgcumbe aliripoti kutoka Devon na Cornwall kwamba watu walihofu kodi mpya juu ya kuoa, kubatiza na kuzika. Kodi hiyo haikuja wakati ule, lakini ilikuja: sheria ya mwaka 1694, iliyotungwa kugharimia vita dhidi ya Ufaransa, ilitoza ndoa, vizazi na maziko kuanzia mwaka 1695 hadi 1706.

Vitabu vya mwanzo vilikuwa vya karatasi, na vingi viliharibika kwa unyevu na panya. Mwaka 1598 makasisi waliamriwa kunakili kumbukumbu za zamani kwenye vitabu vya ngozi, hasa zile za tangu Malkia Elizabeth I aliposhika kiti mwaka 1558. Neno hilo "hasa" liliwapa wavivu mwanya. Wengi waliacha miaka 20 ya mwanzo, na ndiyo maana daftari nyingi sana za Uingereza zinaanzia mwaka 1558. Agizo hilohilo liliwataka wapeleke nakala kwa askofu kila mwaka. Pale ambapo daftari liliungua au kuibwa, nakala ya askofu imeokoa vijiji vizima visisahaulike.

Pengo baya kuliko yote ni la vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia mwaka 1642. Makasisi walifukuzwa, wengine walikimbia na vitabu vyao. Mwaka 1653 Bunge liliwanyang'anya makasisi mamlaka ya kufungisha ndoa na kuwapa mahakimu wa amani. Matangazo ya ndoa yaliweza kusomwa kanisani au sokoni siku ya gulio, kwa hiari ya wachumba. Ufalme uliporejeshwa mwaka 1660 utaratibu huo ulikoma, na ndoa zikarudi kanisani.

Njia mbili za kuoana

Njia ya kawaida ilikuwa matangazo: majina ya wachumba yalisomwa kanisani Jumapili 3 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua desturi hii, kwa kuwa Waanglikana na Wakatoliki wa huku bado wanatangaza ndoa kwa namna hiyo. Njia ya pili ilikuwa leseni ya askofu. Ilikuwa ghali, lakini iliwaepushia wenye uwezo macho ya kijiji na kusubiri. Aliyeiomba aliapa kwamba hakuna kizuizi, na kiapo chake kikahifadhiwa katika ofisi ya dayosisi. Kiapo hicho mara nyingi kina umri na kazi ya mwombaji, mambo ambayo daftari la kanisa lilikuwa halina. Lakini si ushahidi kwamba ndoa ilifungwa.

Kanisa lilizuia harusi nyakati fulani, hasa wakati wa Kwaresima na majilio ya Krismasi, ingawa kizuizi hicho kililegea kadiri miaka ilivyopita. Kazi ya shamba ilikuwa na nguvu zaidi. Mwanahistoria Ann Kussmaul aliihesabu miezi ya ndoa katika mamia ya parokia na kuona jambo la ajabu: palipolimwa nafaka, ndoa zilijazana Oktoba na Novemba, mavuno yakiisha na watumishi wa shamba wakilipwa ujira wa mwaka; palipofugwa kondoo na ng'ombe, zilijazana baada ya majira ya kuzaa kwa wanyama, Aprili hadi Juni. Kijiji kilipobadili ngano kwa ufugaji, harusi zake zilihama mwezi. Kwa hiyo tarehe za ndoa, hata bila jina moja kusomwa, zinaonyesha watu walikuwa wakila kwa kazi gani.

Sheria ya Lord Hardwicke

Hadi katikati ya karne ya 18 ndoa ilikuwa halali hata ikifungwa kwa siri, mradi wawili walikubaliana na kasisi alikuwepo. Gereza la Fleet jijini London lilikuwa maarufu kwa makasisi walioozesha yeyote kwa malipo, na vijijini nako kulikuwa na makanisa yasiyo chini ya askofu, kama la Peak Forest huko Derbyshire, yaliyowapokea waliotoroka wazazi. Matokeo yake yalikuwa kesi za urithi zisizoisha.

Sheria iliyopitishwa mwaka 1753 kwa msukumo wa Lord Hardwicke, na kuanza kazi tarehe 25 Machi 1754, ilifunga mlango huo. Ndoa ilipaswa kufungwa kanisani, baada ya matangazo au kwa leseni. Ikiandikwa, ilitiwa sahihi na wanandoa, kasisi na mashahidi wasiopungua 2. Mwenye umri chini ya miaka 21 aliyetumia leseni alihitaji ridhaa ya mzazi. Kughushi daftari kukawa kosa la kunyongwa. Ni Wayahudi na Wakweka tu walioachwa nje. Wakatoliki na Waprotestanti wengine walilazimika kuingia kanisa la Kianglikana kwa siku hiyo moja, jambo walilolichukia kwa haki. Sheria haikuvuka mpaka wa Uskoti, na wachumba wenye haraka wakaanza safari za kwenda Gretna Green, ng'ambo ya mpaka huo.

Ukurasa wa daftari la baada ya 1754 unafaa kuangaliwa kwa makini. Maneno ya kawaida yalikwishachapwa, nafasi zikaachwa: fulani wa parokia hii, mseja au mgane, na fulani wa parokia hii, mwanamwali au mjane, wameoana katika kanisa hili kwa matangazo, siku hii na mwaka huu. Chini ya maneno hayo mwandiko wa kasisi unakoma na mikono ya watu wenyewe inaanza. Mwanamume ameandika jina lake kwa herufi kubwa zenye kuyumba. Mwanamke amechora msalaba, na kasisi akaandika kuuzunguka kwamba hii ni alama ya fulani. Wino wa msalaba huo mara nyingi ni mzito kuliko wa maneno, kwa sababu mkono usiozoea kalamu huikandamiza. Shahidi wa kwanza ni ndugu au rafiki. Wa pili, ukifunua kurasa, anarudi tena na tena kwa miaka mingi, kwani ni karani wa kanisa aliyekuwa akisubiri pembeni.

Sahihi hizi zimewapa wanahistoria kipimo cha elimu ambacho hakuna aliyekikusudia. Roger Schofield alizihesabu katika parokia 274 na kukuta kwamba katikati ya karne ya 18 wanaume karibu 6 kati ya 10 waliweza kutia sahihi, na wanawake wasiofika 4. Kufikia mwaka 1840 ilikuwa thuluthi 2 ya wanaume na nusu ya wanawake. Hata hivyo watoto walifundishwa kusoma kabla ya kuandika, na wengi waliondolewa shuleni kati ya hatua hizo mbili. Mwenye kuchora msalaba huenda aliweza kuisoma Biblia, na ni dhuluma kumwita mjinga.

Yasiyoandikwa

Daftari linasema ndoa imefungwa, halisemi ilifungwaje. James Woodforde, kasisi wa Norfolk aliyeandika shajara kwa miaka mingi, anaeleza kwamba Januari 1787 alimwozesha mwanamume aliyeletwa kanisani akiwa chini ya ulinzi, kwa kuwa mwanamke alikuwa na mimba yake. Nyuma ya kisa hicho kulikuwa na hesabu. Mwanamke asiye na mume akizaa, mtoto alikuwa mzigo wa parokia. Akiolewa, yeye na wanawe walihesabiwa kuwa wa parokia ya mume. Hivyo wasimamizi wa maskini walikuwa tayari kulipia leseni na hata pete, mradi gharama ihamie kijiji jirani. Katika daftari, ndoa kama hiyo haina tofauti na ndoa ya wapendanao.

Ukilinganisha tarehe za ndoa na za ubatizo, jambo jingine linajitokeza. Kufikia mwisho wa karne ya 18 zaidi ya thuluthi moja ya wanawake wa Kiingereza walioolewa walikuwa wajawazito tayari. Wengi wao hawakulazimishwa na mtu. Uchumba wa kijijini ulikuwa ahadi nzito, na harusi ilifuata mimba ikishajulikana.

Colyton

Daftari za Colyton zilichapishwa mwaka 1928, na kwa kuwa zina mapengo machache, Tony Wrigley wa Cambridge alizichagua kwa utafiti alioutoa mwaka 1966. Alitumia mbinu ya Mfaransa Louis Henry: kila ndoa inafunguliwa kadi, kisha ubatizo wa wanandoa, watoto wao na vifo vyao vinatafutwa na kuunganishwa hadi familia isimame tena kamili. Ni kazi ya kuchosha mno, na matokeo yake yalibadili historia ya idadi ya watu.

Ilikuwa ikidhaniwa kwamba watu wa zamani walioa wakiwa watoto. Sheria iliruhusu msichana wa miaka 12 na mvulana wa miaka 14, na masimulizi ya nyumba za kifalme yalikuza dhana hiyo. Colyton ilionyesha kinyume. Kati ya mwaka 1560 na 1646 mwanamke aliolewa kwa mara ya kwanza akiwa na wastani wa miaka 27. Kati ya mwaka 1647 na 1719 wastani ulipanda hadi karibu miaka 30, ilhali ule wa wanaume ulikuwa chini ya 28. Yaani kwa vizazi kadhaa bibi harusi alikuwa, kwa wastani, mkubwa kuliko bwana harusi. Kisha umri ukashuka, hadi miaka 25 kwa wanawake mwishoni mwa kipindi alichokichunguza, na idadi ya watu ikaongezeka.

Mpasuko kati ya mwaka 1646 na 1647 unafuata tauni. Kati ya Novemba 1645 na Novemba 1646 karibu watu 400 walizikwa Colyton, pengine moja ya tano ya wakazi wote. Wrigley aliona kwamba baada ya hapo watu walichelewa kuoa na pia walizuia uzazi ndani ya ndoa. Pamela Sharpe, katika kitabu alichokitoa mwaka 2002, alirudi kwenye vitabu vya maskini na vya mashamba na kuuliza wanawake hao walikuwa wakiishije. Wanaume vijana walikuwa wakiondoka, wanawake wakibaki wengi kuliko wao, na wengi walipata riziki kwa kufuma lesi, kazi ambayo sehemu hiyo ya Devon ilisifika kwayo. Kwangu maelezo ya Sharpe yana uzito zaidi, kwa kuwa yanaanzia kwenye mkate wa kila siku. Lakini bila kadi za Wrigley hakuna ambaye angejua kwamba kuna swali la kuuliza.

Kutoka parokia moja, kundi la watafiti la Cambridge lililoanzishwa mwaka 1964 na Peter Laslett na Wrigley lilipanuka hadi parokia 404, zilizohesabiwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea katika maeneo yao. Kitabu cha Wrigley na Schofield cha mwaka 1981 kilihitimisha kwamba ongezeko la watu Uingereza katika karne ya 18 lilitokana zaidi na kuoa mapema na kwa wingi kuliko kupungua kwa vifo.

Baada ya 1837

Daftari jipya la mwaka 1837 liliongeza safu za umri, kazi, makazi, na jina na kazi ya baba wa kila upande. Vyeti vya ndoa vya Kenya chini ya sheria ya kikoloni vilifuata safu hizohizo. Mama hakuwekewa nafasi. Ilichukua hadi tarehe 4 Mei 2021 kwa jina lake kuandikwa Uingereza, siku ambayo daftari za karatasi nazo ziliacha kutumika na kumbukumbu rasmi ikahamia kwenye kompyuta.

Daftari nyingi za zamani hazikai tena katika masanduku ya makanisa. Kanuni ya kanisa ya mwaka 1978 inataka zilizozidi miaka 100 zipelekwe kwenye nyaraka za dayosisi, isipokuwa parokia ikiwa na mahali salama pa kuzitunza. Anayezitumia azingatie tarehe pia: hadi mwaka 1752 mwaka wa kisheria Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo ndoa iliyoandikwa Februari 1700 ni ya Februari 1701 kwa hesabu ya leo, na kabla ya mwaka 1733 kasisi huenda aliandika kwa Kilatini, hata majina ya watu.