Mgema, Pipa na Jina: Habari ya Bourbon Iliyo Bora

Waswahili walisema zamani kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii imezoeleka kutajwa kwa watu walioharibiwa na sifa, lakini asili yake ni kinywaji, na ndani yake mna swali ambalo wanywaji wa kila nchi wamelizungusha midomoni mwao: tembo lililo bora hutambulikanaje, kwa ulimi au kwa sifa za mgema? Swali hilo huzuka katika jimbo la Kentucky, nchini Marekani, kila wanapokutana wapenzi wa wiski iitwayo bourbon na mmoja wao akawataka wenzake waitaje iliyo bora kuliko zote walizopata kuonja. Majibu huwa mengi, na mabishano hayaishi. Msomaji wa mwambao ambaye dini yake au hiari yake imemweka mbali na chupa hapotezi kitu kwa kuyasikiliza mabishano hayo, kwani kiini chake si ulevi. Kiini chake ni namna wanadamu wanavyochagua kilicho bora, na nani hupewa heshima ya ubora huo.

Jina lenyewe ni la wafalme. Bourbon ni ukoo uliotawala Ufaransa, na Wamarekani walipokuwa wakipigania uhuru wao kutoka kwa Waingereza walisaidiwa na mfalme wa ukoo huo. Mwaka 1785 wilaya moja iliyokuwa bado sehemu ya Virginia ilipewa jina la Bourbon, na mwaka 1792 ardhi hiyo ikaingia katika jimbo jipya la Kentucky. Wengi husema kuwa kinywaji kilirithi jina la wilaya hiyo. Wengine hulinasibisha na mtaa wa Bourbon mjini New Orleans, ambako mapipa yalifikishwa kwa kufuata mkondo wa mito ya Ohio na Mississippi. Njia zote mbili hurudi kwa ukoo ule ule.

Katika Bahari ya Hindi nako jina hilo si geni. Kisiwa kiitwacho leo Réunion kilijulikana kwa jina la Bourbon tangu mwaka 1649, na ingawa kilibadilishwa jina mara kadhaa, hakikuliacha kabisa mpaka 1848. Miche ya mikarafuu iliyoletwa Unguja katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 ilitoka katika visiwa vya Wafaransa vya upande huo, yaani Mauritius na Bourbon. Hivyo jina moja la kifalme lilipita katika mashamba ya karafuu na katika mashamba ya mahindi, ilhali watu wa huku na wa kule hawakuonana abadan. Na si jina peke yake lililopita huku na kule, kama itakavyobainika.

Kwa mujibu wa sheria, bourbon hutengenezwa Marekani kwa nafaka ambazo angalau asilimia 51 yake ni mahindi. Mahindi hayo husagwa, yakapikwa pamoja na kimea cha shayiri na nafaka nyingine, aghalabu rai au ngano. Uji huo hutiwa hamira, ukaachwa uchachuke, kisha ukakenekwa. Kinachotiririka kutoka mtamboni ni cheupe kama maji. Hutiwa ndani ya pipa jipya la mwaloni ambalo upande wake wa ndani umechomwa moto mpaka ukawa makaa, kikiwa na kileo kisichozidi asilimia 62.5, na hakiruhusiwi kuongezwa rangi wala ladha, ila maji peke yake. Joto la kiangazi hukisukuma kinywaji ndani ya mbao na baridi ya kipupwe hukirudisha. Kila mwaka sehemu yake huvukia hewani, na wenyewe huiita sehemu hiyo fungu la malaika. Kilichoingia pipani kikiwa cheupe hutoka na rangi ya kaharabu.

Mwaloni uliochomwa una vanilini, ambayo ndiyo harufu ya vanila, na una eugenoli, ambayo ndiyo roho ya harufu ya karafuu. Mjuzi wa Kentucky anapoinusa bilauri yake akasema kuwa anasikia karafuu, hasemi kwa mafumbo. Mtoto wa Pemba aliyelala karibu na majamvi ya karafuu zilizoanikwa angeitambua harufu hiyo pasi na kufundishwa.

Nani basi aliyekuwa wa kwanza kulichoma pipa? Hadithi inayopendwa humpa sifa hiyo Elijah Craig, mchungaji wa Kibaptisti wa karne ya 18, lakini wanahistoria hawakupata ushahidi wa kuithibitisha. Kilicho na uthabiti zaidi ni kazi ya James Crow, tabibu mzaliwa wa Scotland, aliyekeneka kwa miaka mingi katika kiwanda cha Oscar Pepper, wilaya ya Woodford, na kufariki mwaka 1856. Crow aliingiza vipimo mahali pa kukisia. Alitumia kipimajoto, alipima sukari ya uji, na alishikilia ada ya kuutia mchachuko mpya masalia ya ule uliotangulia, ili pipa la leo lifanane na la jana. Kabla ya watu wa namna yake, wiski iliyo bora ilikuwa bahati ya siku moja. Baada yao ikawezekana kuitarajia.

Palipo na sifa, walakini, hapakosekani maji. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafanyabiashara walinunua kileo kisicho na umri, wakakitia sukari iliyounguzwa na maji ya matunda makavu, wakakiuza kwa jina la bourbon kuukuu. Mnunuzi alikuwa akimiminiwa kutoka pipani, asijue kilichomo. Mwaka 1870 George Garvin Brown wa Louisville alianza kuiuza wiski yake, Old Forester, ndani ya chupa zilizofungwa peke yake, ili kilichotoka kwake kimfikie mnywaji bila kuguswa. Mwaka 1897 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya wiski iliyofungwa chini ya ulinzi wa serikali: iwe ya kiwanda kimoja na msimu mmoja, ikae pipani si chini ya miaka minne, na itiwe chupani ikiwa na kileo cha asilimia 50. Mabishano yakaendelea mpaka mwaka 1909, Rais William Howard Taft alipolazimika kutoa uamuzi juu ya kipi kiitwe wiski na kipi kisiitwe. Ni nadra mkuu wa dola kuombwa ahukumu kati ya mgema na mtia maji.

Sheria hizo zilimlinda mnywaji, lakini zilileta jambo jingine: ulimi uliacha nafasi yake kwa lebo. Anayechagua kilicho bora sasa aliweza kuchagua kwa macho. Ikaja marufuku ya pombe, tangu 1920 hadi 1933, ambapo viwanda vichache tu viliruhusiwa kuuza wiski kwa cheti cha daktari, kama dawa. Vilivyofungwa vingi havikufunguliwa tena. Baada ya Vita Vikuu vya Pili biashara ilistawi, na mwaka 1964 Bunge lilitangaza kuwa bourbon ni mali ya Marekani isiyoweza kutengenezwa kwingine kwa jina hilo. Punde si punde vijana wakaipa kisogo, wakapenda vodka na vinywaji vyepesi. Katika miaka ya 1970 na 1980 maghala ya Kentucky yalijaa mapipa yasiyo na wanunuzi.

Hapo ndipo lilipo fumbo la historia hii. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini zile zilizokuja kuitwa bora kuliko zote zilikaa gizani miaka mingi kwa sababu hazikutakiwa. Pipa lililokusudiwa kufunguliwa baada ya miaka sita lilifika kumi na tano, hata ishirini. Mwaka 1984 mzee Elmer T. Lee, mkenekaji mkuu mjini Frankfort, alitoa Blanton's, bourbon ya kwanza kuuzwa kwa wingi ikiwa kila chupa imetoka katika pipa moja lililochaguliwa, bila kuchanganywa na mengine. Katika miaka ya 1990 Julian Van Winkle wa tatu alitoa wiski ya miaka 20 yenye sura ya babu yake kwenye lebo, babu aliyeitwa Pappy, ambaye kiwanda chake cha Stitzel-Weller kilifunguliwa mwaka 1935 na kuuzwa na ukoo mwaka 1972. Waonjaji wa Chicago waliipa alama 99 kati ya 100. Tangu hapo chupa hiyo imekuwa ikitafutwa kama johari, na mwaka 2013 chupa zipatazo 200 ziliibwa kiwandani mjini Frankfort. Wengi huitaja kuwa ndiyo bora ya dunia, na miongoni mwao wamo wasiopata kuionja hata tone.

Wajuzi makini wamejaribu kujikomboa na utumwa wa lebo. Huzifunika chupa, wakaonja bila kujua ni ipi, na si mara moja ya bei ya chini imeipita ya bei ya juu. Ipo pia habari ya Bill Samuels, aliyetaka kuanza upya mwaka 1953 na kuichoma moto kanuni ya ukoo wake. Husimuliwa kuwa, badala ya kungoja miaka ya pipa, yeye na mkewe Margie walioka mikate ya michanganyiko mbalimbali ya nafaka, na mkate uliowapendeza, wenye ngano mahali pa rai, ukawa msingi wa Maker's Mark. Hiyo ilikuwa hukumu ya ulimi peke yake, mezani, jikoni.

Hata hivyo, ulimi nao una jambo usiloweza kulijua. Hauwezi kumtambua mtu aliyeufundisha moto. George Washington alianza kukeneka wiski ya rai katika shamba lake la Mount Vernon mwaka 1797, na mwaka 1799 kiwanda chake kilitoa karibu galani 11,000. Msimamizi alikuwa Mskoti, James Anderson. Waliokoroga uji, wakachochea kuni na kulinda mitambo walikuwa watumwa sita: Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy. Katika Kentucky nako, mashamba mengi yenye mitambo, likiwemo lile la Pepper alikofanya kazi Crow, yalikuwa ya watu waliomiliki watumwa. Vipimo vya Crow vimehifadhiwa katika historia. Majina ya waliobeba magunia na kuviringisha mapipa hayakupata bahati hiyo.

Habari iliyofichuka zaidi ni ya jimbo jirani la Tennessee, ambako wiski huchujwa kwa makaa kabla ya kuingia pipani na haiuzwi kwa jina la bourbon, ingawa ni ndugu yake wa karibu. Huko, karibu na Lynchburg, mtumwa aliyeitwa Nathan Green, maarufu kwa jina la Nearest, alikuwa akikeneka katika shamba la mhubiri Dan Call. Kijana aliyetumwa kujifunza kwake aliitwa Jack Daniel. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 na utumwa ukafutwa, Daniel alianzisha kiwanda chake, na Green akawa mkenekaji mkuu wake wa kwanza. Kitabu cha maisha ya Daniel kilichotoka mwaka 1967 kilimtaja Green waziwazi, lakini dunia haikusikia mpaka 2016, gazeti la New York Times lilipoiandika habari hiyo na mwandishi Fawn Weaver akaanza kuifuatilia kwa wazao wake. Mwaka 2017 kampuni yenyewe ilikiri rasmi nafasi ya Green. Picha yake haijulikani. Ipo ya Daniel ameketi na wafanyakazi wake, na kando yake mtu mweusi anayeaminiwa kuwa mtoto wa Green. Kwa zaidi ya karne moja wanywaji waliisifu chupa, na mgema aliyestahiki sifa hakusifiwa.

Wenyeji wa visiwa vya karafuu hawahitaji kuelezwa sana maana ya jambo hili. Majina ya wenye mashamba ya Unguja na Pemba yamo vitabuni. Waliopanda na kuchuma, wengi wao watumwa mpaka hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, mwaka ule ule Marekani ilipotunga sheria ya kumlinda mnywaji, hawakuachiwa hata lebo. Harufu ya kazi yao ilivuka bahari, na majina yao yakabaki pwani.

Kwa hiyo, anayeulizwa bourbon ipi ndiyo bora kuliko zote alizoonja anaulizwa mambo matatu kwa mara moja: ulimi wake ulipenda nini, lebo ilimwambia nini, na ni nani aliyeitengeneza. La kwanza kila mtu hujijibia. La pili wauzaji hulijibu kwa niaba yake. La tatu ndilo lililochukua muda mrefu kuliko pipa lolote kukomaa, na bado halijakwisha, kwani kwa kila Nearest Green aliyerudishiwa jina lake wapo wengi ambao daftari za mabwana zao ziliwaandika kwa idadi na kwa bei. Anayependa kuonja na ataje chupa aipendayo. Bali akishaitaja, na aulize mgema wake alikuwa nani.