Mwana wa Cicero Aenda Kusoma Athene

Siku hizi mwanafunzi anayejiandikisha kusoma historia ya kale katika chuo kikuu cha Uingereza huweza, katika baadhi ya vyuo, kupewa nafasi ya kukaa mwaka mmoja nje ya nchi, na aghalabu macho yake huelekea Roma au Athene. Jambo hili si geni. Wafaransa walifungua chuo chao cha mambo ya kale mjini Athene mwaka 1846, Wamarekani wakafuata mwaka 1881, na Waingereza mwaka 1886. Hata hivyo, wazazi bado huuliza yale yale: kuna nini huko ambacho hakimo vitabuni, na gharama yake ni kiasi gani? Nimeona vema niwaeleze wanafunzi mlioko shuleni sasa, pamoja na wazee wenzangu tuliokwisha kuondoka, ya kuwa maswali hayo yaliulizwa Roma kwenyewe kabla ya Kristo kuzaliwa, na kwamba barua za mzazi mmoja na mwanawe zimehifadhiwa mpaka leo.

Mzazi huyo ni Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma. Yeye mwenyewe alikwenda Athene mwaka 79 K.K. akiwa na umri wa miaka 27, akakaa miezi 6 kumsikiliza mwanafalsafa Antiochus. Baadaye sana alieleza katika kitabu jinsi siku moja alasiri yeye, ndugu yake, binamu yake na rafiki zao wawili walivyotoka kwa miguu katika lango la mji kwenda Akademia, mahali alipofundisha Plato. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita moja kidogo. Walipofika hapakuwa na mtu. Njiani na hapo walipofika kila mmoja alitaja mahali palipomgusa: huyu kilima cha Colonus alichokitunga Sophocles katika tamthilia yake, yule bustani ya Epicurus, na binamu yule mdogo akakiri, kwa haya, kwamba aliteremka hadi pwani ambako Demosthenes alikuwa akishindana kwa sauti na mawimbi ili ajifunze kuhutubia. Mmoja wao akasema kwamba kuona mahali walipokaa wakubwa hao humgusa mtu kuliko kusikia habari zao au kusoma maandishi yao. Kwa maoni yangu hakuna aliyelijibu swali la kwanza la wazazi vizuri kuliko hivyo. Na ikumbukwe kwamba miaka 7 tu kabla ya matembezi hayo jemadari Sulla wa Roma alikuwa ameuteka mji huo, na miti ya Akademia aliikata ili kuunda mitambo ya vita. Vijana hao walikuwa wageni katika mji uliobomolewa na watu wa kwao.

Sasa tuje kwa mwana. Aliitwa Marcus, kama baba yake, akazaliwa mwaka 65 K.K. Hakuwa mpenzi mkubwa wa vitabu. Kabla hajatimiza miaka 18 alikuwa amekwisha kuongoza kikosi cha wapanda farasi katika jeshi la Pompey, tena kwa sifa. Mwaka 45 K.K. alitaka kwenda Hispania, ambako Caesar alikuwa vitani. Baba hakupenda. Akampeleka Athene.

Gharama zilipangwa kwa makini. Cicero alitenga kodi za nyumba zake za kupangisha mjini Roma, zile za mtaa wa Argiletum na za kilima cha Aventine, ziwe fedha za matumizi ya kijana. Alimwandikia rafiki yake Atticus kwamba hata Bibulus, Acidinus na Messalla, watoto wa nyumba kubwa ambao nao walikuwa wakienda Athene, hawatatumia zaidi ya hapo. Kumbe ushindani wa wazazi ni wa tangu zamani! Mwalimu naye alikwisha kutafutwa: Cratippus wa Pergamum, ambaye Cicero alimwombea uraia wa Roma kwa Caesar, kisha akalishawishi baraza la Athene limsihi abaki mjini awafundishe vijana.

Habari zilizorudi nyumbani hazikuwa njema zote. Mtu mmoja aliyeombwa amwangalie kijana aliandika kwamba mwenendo wake ni mzuri “kwa jinsi alivyo sasa,” na maneno hayo machache yalimkosesha mzee raha. Kulikuwa na mwalimu wa usemi aitwaye Gorgias, ambaye ilisemekana anamzoeza kijana anasa na ulevi. Baba akaamuru aachwe mara moja. Pliny, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye, anasema Marcus alizoea kumaliza kwa mkupuo mmoja mvinyo wa kama lita 6 na nusu. Habari ya namna hiyo yafaa ipokewe kwa hadhari.

Barua moja ya Marcus kutoka Athene tunayo nzima. Aliiandika mwaka 44 K.K., si kwa baba bali kwa Tiro, mtumwa wa zamani wa nyumba yao aliyeachwa huru na kuwa karani wa Cicero. Kila aliyewahi kuwa bwenini ataitambua. Anaanza kwa kufurahi kwamba matarishi wamefika, siku ya 46 tangu kuondoka nyumbani. Anakiri kwamba makosa ya ujana wake yamemtia uchungu, na kwamba sasa hata kuyasikia yakitajwa hapendi. Cratippus, asema, amekuwa kwake kama baba: humsikiliza darasani, humwalika chakula cha jioni, na mzee huyo huacha falsafa akafanya mzaha nao. Rafiki yake mmoja msomi amempangia chumba jirani na chake, naye humsaidia kwa kadiri ya uhaba wake. Uhaba, na kodi za mitaa miwili zote zake! Gorgias alikuwa na faida katika mazoezi ya kila siku, lakini amri ya baba ni amri. Kisha anamtania Tiro ambaye amenunua shamba: anamwona akinunua vyombo vya shamba, akizungumza na msimamizi wake, akificha mbegu za matunda katika pindo la nguo baada ya kula. Na mwishoni kabisa, ombi: apelekewe karani, afadhali awe Mgiriki, kwa maana kunakili maandishi ya masomo kunampotezea wakati mwingi.

Je, alikuwa ametubu kweli? Baba alikuwa na kipimo chake. Barua nyingine ilipomfikia alimwambia Atticus kwamba mengine mtoto aweza kuyabuni, lakini ufasaha wa barua haubuniwi, nao ulionyesha kwamba anasoma. Mwalimu yeyote wa lugha atakubaliana naye.

Cicero alikusudia kwenda mwenyewe kumwona. Caesar alikuwa ameuawa mwezi Machi mwaka huo, na Roma hapakukalika. Alipanda merikebu, akafika Sisilia, upepo ukamrudisha, na katika kungojea akasikia habari za siasa zilizomfanya arejee Roma. Badala ya kwenda akaandika kitabu, vitabu vitatu kwa kweli, juu ya wajibu wa mtu, akamwelekezea Marcus na kuanza kwa kumkumbusha kwamba amekwisha kumsikiliza Cratippus kwa mwaka mzima.

Lakini mgeni mwingine alikwisha kushika njia ya Athene. Wengi wetu tulimjua Brutus kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika tamthilia ile Brutus anakimbia Roma, kisha tunamkuta Sardis akiwa na jeshi. Jeshi lilitoka wapi? Shakespeare hasemi. Jibu, kwa sehemu, lilikuwa darasani. Majira ya kupukutika majani ya mwaka 44 K.K. Brutus alifika Athene, akaketi akisikiliza mihadhara ya Theomnestus na ya Cratippus, watu wakidhani amejitoa kwa falsafa. Chini kwa chini alikuwa akiwavuta vijana wa Kirumi waliokuwa masomoni. Marcus akafuata, akapewa kuongoza wapanda farasi, na kikosi kizima cha adui kikajisalimisha kwake. Baba alikitaja kitendo hicho kwa fahari barazani Roma. Vita ambavyo alimwepusha navyo Hispania vilimfuata mwanawe shuleni.

Darasani humo alikuwamo rika lake, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 65 K.K., ila si wa nyumba kubwa. Huyu ni Horace, mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa. Baba yake alikuwa na shamba dogo Venusia, na Roma alikuwa akimsindikiza mwenyewe kwa walimu. Horace naye aliacha masomo, akapewa cheo cha afisa. Mwaka 42 K.K., huko Filipi, mji ule ule ambao Paulo aliwaandikia watu wake waraka, jeshi la Brutus lilivunjika. Horace alirudi na kukuta shamba la baba limechukuliwa; akapata kazi ya ukarani wa hazina, na umaskini, asema mwenyewe, ukamsukuma kutunga mashairi.

Cicero hakufika kuyaona hayo. Aliuawa tarehe 7 Desemba mwaka 43 K.K. kwa amri ya Marcus Antonius na wenzake, na kichwa chake na mkono wake vikatundikwa kwenye jukwaa la wasemaji katikati ya Roma. Marcus alinusurika, akasamehewa, na mwaka 30 K.K. akawa konsuli pamoja na Octavian. Katika miezi yake ya ukonsuli ilikuja barua ya kutangaza kushindwa kwa Antonius. Marcus aliwasomea watu, kisha akaibandika kwenye jukwaa lile lile.