Mahame ya Tenea

Pausanias, msafiri wa Kiyunani aliyeandika katika karne ya 2 baada ya Kristo, alipoishika njia ya milimani itokayo Korintho alipita lango lililoitwa Lango la Tenea, akataja hekalu la Eileithyia, mungu wa kike wa uzazi, kisha akasema kwamba kutoka hapo hata mji wa Tenea ni stadia 60, yaani kiasi cha kilomita 11. Maneno ni machache, lakini mtafuta mahame atake nini zaidi ya lango la kutokea, njia ya kushika na masafa ya kwenda?

Akahadithia pia kwamba watu wa Tenea walidai kuwa asili yao ni Troya, mababu zao wakiwa mateka waliotwaliwa na Wayunani katika kisiwa cha Tenedos, Agamemnon, jemadari wa Wayunani, akawaruhusu kukaa Tenea. Na kwa sababu hiyo wakamtukuza Apollo kuliko miungu mingine. Nasaba hiyo siithibitishi wala siikanushi, ila Warumi nao walijinasibisha na Troya, na mwaka 146 kabla ya Kristo, walipoiteketeza Korintho, Tenea ilisalimika. Mwanajiografia Strabo asema watu wake walikuwa wamekwisha kuwaasi Wakorintho na kujitia upande wa Warumi. Yamkini madai ya ukoo yaliwafaa kuliko ngome.

Kwa dalili hizo maulamaa walikielekea kijiji cha Chiliomodi, na ardhi yenyewe ilikuwa ikitoa ushahidi wake kidogo kidogo: mwaka 1846 ilipatikana huko sanamu ya marumaru ya kijana aliyesimama wima, ambayo leo imo Munich, Ujerumani, na mwaka 1984 likapatikana jeneza la mawe. Lakini hayo ni mambo ya maziara, nayo hayamwonyeshi mtu jiko lilipokuwa wala kizingiti. Uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Elena Korka ukaanza mwaka 2013, na mwaka 2018 Wizara ya Utamaduni ya Ugiriki ikatangaza kwamba nyumba zenyewe zimeonekana, kuta zake na sakafu za udongo, mawe na marumaru, pamoja na sarafu zaidi ya 200.

Ajabu ni kwamba Korintho iliyoteketezwa haikupata kusahauliwa, na Tenea iliyosalimika ndiyo iliyofukiwa na mashamba. Msomaji apendaye kuufuata mwendo wa Pausanias na akifungue kitabu chake cha pili, penye habari za Korintho. Tenea imo mwanzoni mwanzoni, katika mistari michache tu.