Mafahali wawili wa Belleville

Hivi bendi ikivunjika, kazi yake nayo imekufa? Mimi nakataa, ndugu msomaji. Tazama Uncle Tupelo. Mwaka 1987, Jay Farrar na Jeff Tweedy, marafiki tangu sekondari mjini Belleville, Illinois, Marekani, waliianzisha wakichanganya kantri ya wazee na roki ya panki. Albamu yao ya kwanza, No Depression (1990), ilichukua jina la wimbo ambao Carter Family waliurekodi mwaka 1936, enzi za dhiki kuu. Ndiyo kusema, vijana walirithi kilio cha mababu. Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Farrar alijitoa mwaka 1994. Zizi likavunjika, yakajengwa mawili: Son Volt yake, Wilco ya Tweedy. Hayo nayaita mavuno, si msiba.