Alijua au Hakujua: Mbwa Mng'ataji Mbele ya Sheria

Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani kapoa. Aliyeng'atwa na mbwa huijua vyema maana ya maneno haya. Jeraha hufunga, lakini hubaki siku za kazi zilizopotea, ujira wa tabibu na, tangu Louis Pasteur alipofanikiwa kwa chanjo ya kichaa cha mbwa mwaka 1885, gharama za sindano. Nani abebe hasara hiyo? Swali hili ni la kale, na mara nyingi jibu lake limeegemea neno moja tu: kujua.

Mnamo 1945 na 1947, huko Tell Harmal katika viunga vya Baghdad, vilifukuliwa vibao viwili vya udongo vyenye sheria za mji wa Eshnunna, zilizoandikwa yapata karne ya 18 kabla ya Kristo. Imo humo sheria ya mbwa mkali. Iwapo wakuu wa mtaa wamekwisha kumwonya mwenye mbwa, naye asimfungie, kisha mbwa akamng'ata mtu hata akafa, mwenyewe atalipa shekeli 40 za fedha. Aliyekufa akiwa mtumwa, malipo hushuka hadi shekeli 15. Hesabu hiyo yaonyesha dhulma ya zama zile. Hata hivyo, kulikuwa na hekima ndani yake: mfiwa hakulazimika kupekua moyo wa mwenye mbwa ili ajue alichokijua. Mtaa ulionya, na mtaa ulikuwa shahidi.

Warumi walipita njia nyingine. Katika mji wa Pompeii, uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, ipo nyumba iitwayo ya Mshairi wa Tanzia. Kizingitini pake imenakshiwa kwa vijiwe sura ya mbwa mwenye mnyororo, na maneno ya kumtahadharisha mgeni. Lakini onyo la mlangoni halikutosha barabarani. Sheria iliyohifadhiwa katika kitabu cha Kaisari Justinian cha mwaka 533 ilikataza kumweka mbwa mahali wapitapo watu. Aliyekiuka, na muungwana akajeruhiwa, alilipa kadiri hakimu alivyoona kuwa ni haki.

Mafakihi wa Kiislamu nao walishika asili kwamba jeraha la mnyama peke yake halina fidia. Ila wengi wao hawakumpa kinga hiyo mtu amfugaye mbwa mng'ataji, hali anamjua, kisha akamwachia.

Uingereza kujua huko kukawa mzigo wa majeruhi. Ilimpasa athibitishe kwamba mwenye mbwa aliujua ukali wake tangu kabla, hata ukazuka msemo kwamba kila mbwa ana ruhusa ya kung'ata mara moja. Mwaka 1865 Bunge liliuondoa mzigo huo kwa mwenye ng'ombe au kondoo aliyeshambuliwa, lakini si kwa mtu. Kondoo akamtangulia bin Adamu! Hata Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971 haikuifuta tofauti hiyo: kwa mifugo mwenye mbwa huwajibika hata kama hakujua, kwa mtu, bado huulizwa alijua nini.

Kanuni hizo za mahakama za Kiingereza zilivuka bahari pamoja na utawala wao. Zilipokewa Zanzibar; Kenya ziliwekewa tarehe ya 12 Agosti 1897, na Tanganyika 22 Julai 1920. Sheria ya 1971 ilikuja baadaye, haikuwa sehemu ya urithi huo. Hivyo majeruhi wa pwani, asipoweza kuonyesha uzembe, hurudi kwenye swali lilelile: mwenye mbwa alijua?

Hapo ndipo Eshnunna ina la kutufunza. Mara nyingi jirani humwona mbwa mkali akanyamaza kwa kuchelea ugomvi, na kimya hicho ndicho kinga ya mwenye mbwa. Taarifa iliyofikishwa mapema kwa sheha au mjumbe, mbele ya watu, humwondolea mwenye mbwa udhuru wa kusema hakujua. Na anayekuja kung'atwa kesho hukuta shahidi wake yupo tayari.