Dona, Sembe na Neno Sumukuvu

Katikati ya mwaka 2016 watu 68 wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakajaa, wengine wakatapika. Watu 20 walikufa. Mwanzoni ulizungumzwa kama ugonjwa usiojulikana, na ugonjwa usio na jina huacha nafasi kwa kila tuhuma: maji, jirani, laana. Vipimo vikaja kuonyesha kwamba waliougua walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe, na mahindi hayo yalikuwa na sumu ya kuvu kwa kiwango cha kuangamiza ini. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 2004, Makueni na Kitui huko Kenya walikuwa wamepita njia hiyo hiyo: wagonjwa 317, vifo 125. Ila kwetu Dodoma ndipo neno sumukuvu lilipotoka kwenye semina za kilimo na kuingia katika mazungumzo ya watu.

Majina ya maradhi yaletwayo na chakula mara nyingi yamezaliwa na waliougua. Kwashiakoo, ule utapiamlo unaovimbisha watoto, ni neno la Kiga cha Ghana; Dk. Cicely Williams alilichukua kwa akina mama na kulipeleka kwenye jarida la Lancet mwaka 1935, nalo lamtaja mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Konzo, ulemavu wa miguu utokanao na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, limetoka kwa Wayaka wa Kongo, wakimaanisha miguu iliyofungwa. Sumukuvu halikutoka huko. Limeundwa na wataalamu, na nasema bila kusita kwamba wameliunda vizuri.

Limeanza na sumu. Anayelisikia mara ya kwanza hadhani kwamba ni homa ya kupita au upungufu wa kitu fulani mwilini. Anajua kuna kitu kilichoingia na hakikupaswa kuingia. Kisha linasema sumu hiyo imetoka wapi. Wenzetu wa maabara waliita kitu hicho aflatoksini, kwa kuunganisha vipande vya jina la Kilatini la kuvu, baada ya zaidi ya bata mzinga 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Jina lile halimwambii mkulima wa Kongwa chochote. Letu linamwambia mambo mawili kabla hajauliza.

Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Neno linamfanya mtu atafute kuvu kwa macho. Akiona punje nyeupe, safi, anaamini sumu haipo. Lakini sumu yenyewe haina rangi, haina harufu wala ladha, na inaweza kubaki kwenye punje ambayo kuvu wake hawaonekani tena. Moto wa jikoni hauimalizi. Ugali ukisongwa hadi uive barabara, bado imo. Kuchambua kunasaidia, tena kunasaidia sana, maana punje zilizovunjika, zilizosinyaa au kubadilika rangi ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Hata hivyo kuchambua si kupima.

Kizota, upande wa viwanda na maghala wa jiji la Dodoma, ni mahali pazuri pa kusikiliza maneno haya yakifanya kazi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala yake hapa, na lugha ya watu wa nafaka ni lugha ya vipimo. Mpokeaji anachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji. Punje zinateremka kiganjani, anazitazama, anang'ata moja. Ikilia kavu, anatikisa kichwa kukubali. Kisha kipima unyevu kinasema neno la mwisho: asilimia 13.5, isizidi. Mkulima asiye na kipimo hicho anaweza kutia punje na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo na kuitikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Unyevu, turubai, kihenge, gunia lisilopitisha hewa: haya ni maneno ya ghala, na kwa miaka mingi hakuna aliyeyahesabu kuwa maneno ya afya.

Upande wa afya ulikuwa na maneno yake. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na jina lake linatenganisha vitu ambavyo nyumbani tuliviona kimoja. Chakula ni kile kinacholiwa. Lishe imetoka kwa lisha, kwa hiyo ndani yake yumo mtu anayempa mwingine chakula, na mimi hupenda kukumbuka kwamba yumo. Mtoto hajilishi. Utofauti huu ungeonekana wa walimu wa sarufi tu kama si takwimu za mwaka 2022: kitaifa watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wana udumavu, lakini Iringa ni karibu 57, Njombe na Rukwa karibu 50. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi. Malori ya mahindi yanaondoka huko kwenda kujaza maghala ya wengine, na watoto wa huko wameshiba, ila wameshiba wanga. Neno shibe halitoshi kueleza hali yao.

Ndipo likaja neno unga wa lishe, na hapa nina wasiwasi. Pakiti hizo zinauzwa kila duka: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, vyote vimesagwa pamoja. Nia ni njema. Mama aliyekosa nyama na mayai anaona njia ya kumpa mwanawe vyakula vingi ndani ya kikombe kimoja. Lakini mahindi na karanga ndiyo mazao mawili yanayoongoza kwa kushikwa na sumukuvu, na uji ndio mlo wa mtoto kuanzia miezi sita, asubuhi na jioni, kila siku. Kama sumukuvu yenyewe hudumaza watoto, na kwa kiasi gani, watafiti bado wanalichimba. Kwamba husababisha saratani ya ini hakuna ubishi tena, na aliye na virusi vya homa ya ini aina ya B hatari yake huzidi mara nyingi. Neno lishe likichapwa kwenye pakiti huondoa maswali. Mnunuzi anauliza vilivyomo ni vingapi, haulizi vilianikwa wapi.

Kwenye mashine ya kusaga, maneno haya mawili, lishe na sumukuvu, yanagongana waziwazi. "Mama, dona au sembe?" kijana wa mashine anauliza, mkono tayari kwenye debe. Kwa miaka mingi jibu la mtu wa lishe limekuwa dona, kwa sababu kukoboa huondoa ganda na kiini, na virutubishi vingi vimo humo. Ni ushauri sahihi. Sasa mtu wa sumukuvu anaongeza kwamba sumu nayo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huipunguza. Nao ni ushauri sahihi. Mama aliyebeba ndoo yake hawezi kuamua kwa kuwapigia kura wataalamu; jibu liko nyuma ya mashine, liko shambani mwezi wa mavuno, kama mahindi yalitua juu ya turubai au juu ya udongo. Dona ni chakula bora cha mahindi mazuri. Kwa mahindi yenye shaka, sembe ina nafuu.

Wagogo wazee wangetuuliza kwa nini mahindi kabisa. Nchi yao hii ya Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, nao hauna uhakika. Mahindi yaliyokatishwa na ukame yakiwa bado shambani huwa mepesi kushambuliwa na kuvu hata kabla ya kuvunwa. Uwele na mtama huvumilia, na kwa kawaida sumu hii huzipata nafaka hizo kwa kiasi kidogo kuliko mahindi na karanga. Ugali wa uwele na mlenda una madini ya chuma ambayo sembe imeyaacha mashineni. Kituo cha utafiti cha Hombolo kinaendelea kuzishughulikia mbegu hizo, na ningependa kuziona zikirudi sahanini kwa watu wanaolipa bei ya mjini.

Lipo neno moja zaidi la Kizota ninalotaka tulitazame upya. Mahindi yakichambuliwa, zile punje mbovu huwekwa kando, na ukiuliza ni za nini utajibiwa: ya kuku. Pumba nazo huenda kwa ng'ombe. Ukisikia hivyo unadhani yameondoka kwenye chakula cha binadamu, wakati ng'ombe anayelishwa sumukuvu huitoa sehemu yake kwenye maziwa, ikiwa imebadilika kidogo umbo, na maziwa hayo hunywewa na mtoto yule yule wa uji. Mahindi ya kuku yanahitaji jina linaloonyesha kwamba hayafai kwa yeyote, na shimo la kuyafukia.