Ngadji: Ngoma ya Mto Tana Inayokaa Stoo London

Kabla Garsen haijawa mji wa mabasi ya Lamu na Garissa, vijiji vya Wapokomo kando ya Tana viliitii sauti moja: Ngadji. Ni ngoma ya gogo iliyowambwa ngozi. Wazee wa Kijo, baraza lililokata kesi na kulinda mila, waliificha msituni. Ilipolia, wanawake, watoto na wanaume wasiokuwa wa Kijo walijifungia ndani. Kila mtu aliisikia; walioiona ni wachache mno, na nguvu yake ilikuwa hapo hapo.

Serikali ya kikoloni ilipoitwaa, mwanzoni mwa karne ya 20, iliwapokonya wazee sauti yao ya kutawalia. Tayari wamisionari wa Kimethodisti walikuwa Golbanti, kando ya Tana, tangu 1885, wakihubiri dini mpya. Mwaka 1908 Ngadji iliingia British Museum, jumba la makumbusho la London, kupitia kwa Alfred Claud Hollis, afisa aliyeandika vitabu vizito kuhusu mila za Wamasai na Wanandi. Mtu aliyezijua mila za Waafrika kiasi hicho alijua thamani ya alichokibeba.

Hollis alimalizia utumishi wake akiwa gavana wa Trinidad na Tobago, visiwa vya Karibi, ambako Waingereza walikuwa wamezipiga vita ngoma za Waafrika kwa vizazi. Kisiwani Jamaica, koloni lao jingine la Karibi, baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Tacky mwaka 1760, watumwa walikatazwa kwa sheria kupiga ngoma. Walizipiga kwa siri. Ngoma hizo zikaishi, za dini ya kumina na za nyabinghi za Marasta zikafuata, na mapigo yake yakaingia katika rege inayopigwa leo kwenye matatu za Pwani yetu. Ngoma zao zilipigwa marufuku lakini zilibaki kwa wenyewe. Ya Tana ilihamishwa.

Jamaica nayo ina mali katika jumba lile lile: sanamu za mbao za Wataino, wenyeji wa kisiwa kabla ya Wazungu, zilizokutwa pangoni mwaka 1792. Mojawapo ni Boinayel, mleta mvua. Mwaka 2019 waziri wa utamaduni Olivia Grange alisimama hadharani akasema serikali yake inazitaka zirudi.

Wazee wa Kipokomo wamekwenda London wakaiona Ngadji, stoo, si ukumbini. Kinachowazuia ni sheria ya jumba hilo ya 1963, isiyoruhusu mali kutolewa isipokuwa kwa sababu chache. Mwaka huo huo Kenya ilipata uhuru, na wimbo wa taifa ukatungiwa muziki wake kutokana na bembelezi ya Kipokomo aliyoitoa Mzee Meza Morowa Galana. Taifa lililopokea zawadi hiyo lina deni Tana. Sheria ya Waingereza inaruhusu kuazima. Wazee wanaitaka ngoma yenyewe, na Nairobi haina budi kuidai waziwazi kama Kingston inavyodai sanamu zake.